Maneno Tisini

Ukumbi wa michezo, Yozgat, mwezi wa pili.
Meza arobaini chini ya nyavu za mpira wa kikapu,
theluji inayeyuka kwenye viatu vyetu.
Bwana Feramuz ameinua saa yake ya mbio.
"Dakika tatu," asema. "Maneno tisini, yaliyo sahihi.
Themanini na tisa ni sawa na sifuri."

Mimi ni Satı, nambari kumi na saba.
Nimekuja kuomba ukarani wa mahakama.

Miezi sita nimekesha na kipimo hiki.
Nimejifunza kwamba neno, kwa wapimaji wengi, si neno:
ni mapigo matano. Nafasi nayo ni pigo,
nukta ni pigo, na kigugumizi cha kidole ni pigo.
Piga mia tatu kwa dakika, gawa kwa tano: sitini.
Hiyo ni kasi ghafi, mchele na mawe yake.
Toa makosa kumi. Hamsini zinazobaki
ndizo unazoweza kuzipika.

Mwalimu Nurcihan alicheka hadi akavua miwani.
"Lugha yetu hufunga mabehewa mpaka neno liwe treni!
*Hawakutusahaulisha*: kwa mapigo, ni karibu maneno manne.
Kwa Feramuz, ni moja."
Na *na*? nikamuuliza.
"*Na* pia ni moja. Omba Mungu akujalie *na* nyingi."

Baba aliketi miaka thelathini nje ya mahakama,
kiti cha kukunja, taipureta juu ya kreti la soda,
akiwaandikia watu maombi yao kwa hakimu.
Vidole viwili.
Viwili tu, kama kuku wanaodonoa uani.
Hakuna aliyempima. Yeye alihesabu kwa chai:
mpaka wa shamba, glasi moja;
talaka, mbili;
mtoto aliyepotea, chai ilipoa bila kuguswa.
Siku moja nilimwona akiacha sentensi njiani.
"Mama, ulisema alikupiga, au alikusukuma?"
Mwanamke akafikiri. Theluji ikatua juu ya vitufe.
Dakika nzima, mapigo sifuri.
"Alinisukuma," akasema.
Baba akalipiga neno hilo, herufi kwa herufi,
halikuwa na kosa.

"Anza!"

Meza arobaini, mvua ya mawe juu ya bati.
Macho yanameza herufi, vidole vinazitema,
katikati hakuna mtu nyumbani.
Irabu zimekaa kushoto kama dada kwenye benchi moja,
naziamsha bila kuzitazama.
Jirani yangu anafuta, anafuta tena,
anakimbia kurudi nyuma.
Arobaini. Hamsini na ngapi? Usihesabu, Satı,
anayehesabu hatua hujikwaa.

Dakika ya tatu kidole kinateleza.
Penye *mzinga* nimeandika *mzigo*.
Kurudi ni kupoteza maneno mawili, labda matatu.
Kosa moja hutolewa moja; hesabu inasema nenda.
Naenda. Neno moja, la pili,
kisha nasikia kile kiti cha kukunja kikilia,
na narudi.
Mzinga.
Saa ikapiga kelele.

Jioni karatasi ikabandikwa mlangoni.
Kumi na saba: tisini na mbili. Kosa: moja.
Nilitaka kujua liko wapi.
Bwana Feramuz alikuwa akivaa koti.
"Sisi hatuonyeshi," alisema. "Tunahesabu."

Nikampigia Baba. Siku hizi vidole vyake
havifungi hata kifungo cha shati.
"Tisini na mbili!" nikapaza sauti njiani.
Alinyamaza muda wa kutosha glasi nusu.
"Mashallah, mwanangu. Na hiyo habari uliyoiandika,
ilisema nini?"

Nikasimama kwenye theluji nikitafuta.
"Nyuki," nikamjibu. "Kulikuwa na mzinga."
Halafu: "Au vita, Baba.
Huenda ilikuwa vita."